Kumbukumbu ya mradi: kupima Boléro ya Torvill na Dean, pigo kwa pigo

Wiki ya 1

Kazi yenyewe ni kuipanga densi ya kuteleza barafuni ya Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean, waliyoicheza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Sarajevo tarehe 14 Februari 1984, sambamba na Boléro, muziki wa mtunzi Mfaransa Maurice Ravel, ili ionekane mwili unaufuata muziki wapi na unaupitia juu juu wapi. Majaji wote tisa waliwapa 6.0, alama ya juu kabisa wakati huo, kwa upande wa sanaa. Alama hiyo haisemi sababu.

Jedwali lina safu nne: namba ya kipimo (fungu dogo la mapigo ya muziki), sekunde, kinachosikika, kinachoonekana. Safu ya sauti ijazwe kwanza, skrini ikiwa imefunikwa. Ukizijaza zote kwa pamoja, jicho hulidanganya sikio: mkono umepanda, nawe unaandika kwamba muziki nao umepanda.

Boléro ina mapigo matatu kwa kila kipimo. (Aliyezoea bolero ya taarabu asichanganye, ile huhesabiwa kwa nne.) Ngoma ya snea (ngoma ndogo ya fimbo yenye sauti kavu) hurudia mdundo wa vipimo viwili wenye mipigo 24, yaani fimbo hugusa ngoma mara 24: kumi katika kipimo cha kwanza, 14 katika cha pili. Ukipoteza hesabu, sikiliza mipigo tisa ya mwisho inayofuatana mbio mbio bila nafasi. Mpigo unaokuja baada yake ndio mwanzo wa mdundo mpya.

Wiki ya 2

Sauti haikulingana na picha. Kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.83, yaani fremu (picha moja moja za video) 21 hivi kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde. Mpigo mmoja katika ile ya mbio ni sekunde 0.14, kama fremu tatu na nusu. Kwa hiyo nakala ambayo sauti yake imechelewa fremu nne tu inaharibu jedwali zima: kila hatua inaonekana imewahi. Dawa ni kutafuta, katika faili hilo hilo, mahali mtangazaji anapoonekana akizungumza, kisha kulinganisha sauti na midomo yake inapofunga kwenye "p" au "b". Muziki hausaidii hapa, maana spika hazionekani zikipiga.

Hata sauti ikinyooka, kosa la fremu mbili lisihesabiwe. Uwanja wa kimataifa una mita 60 kwa 30, na sauti huchukua karibu sekunde 0.09 kusafiri mita 30. Mchezaji aliye mbali na spika husikia pigo likiwa limeshachelewa.

Wiki ya 3

Sekunde 18 za mwanzo zimechukua siku nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na zinastahili. Muziki uliofupishwa ulikuwa wa dakika 4 na sekunde 28. Kanuni ziliruhusu dakika 4, kuzidi au kupungua kwa sekunde 10. Lakini saa ilianza kuhesabu pale chuma cha kiatu kinapoanza kuteleza. Ndiyo maana walianza wamepiga magoti, wanayumba kwa kiwiliwili na mikono tu. Kwa mwendo wa 72, sekunde hizo ni vipimo saba, mipigo ya snea zaidi ya 80, na hakuna hata mmoja unaojibiwa na mguu. Mwili unafuata mahadhi marefu yaliyo juu ya ngoma. Hapo ndipo ubora wa densi hii ulipo.

Jambo hilo limebadilisha upimaji. Mwanzoni kila hatua iliyotua ndani ya sekunde 0.2 kabla au baada ya pigo ilipewa alama. Huo ulikuwa udhaifu mkubwa: dirisha la sekunde 0.4 ndani ya pigo la 0.83 ni karibu nusu, kwa hiyo hata anayeteleza bila kusikia muziki angepata nusu ya alama kwa bahati. Mahadhi ya Ravel huchukua vipimo 16, sekunde 40. Badiliko la mkao linalotua mwanzoni mwa mahadhi kwa usahihi ule ule ni vigumu kulihesabu kuwa bahati. Sasa jedwali lina safu ya tano, "tabaka": ngoma, mahadhi, au kupanda kwa sauti. Tabaka la ngoma lina uzito mdogo kabisa.

Tangu msimu wa 2022–23 majaji wa densi ya barafuni hutoa alama za uwasilishaji kwa vipengele vitatu badala ya vitano, na tafsiri ya muziki haina tena alama yake peke yake. Kwa hiyo safu ya tano inafaa hata kwa densi za leo.

Bado: mistari ya mwisho ya jedwali, hadi wanapoanguka na kulala juu ya barafu. Muziki wote ni kupanda kumoja kwa polepole, kwa hiyo kila mkao wa juu unaokuja mapema lazima uangaliwe kama umeupunguzia mwisho nguvu.