Nafasi ya Mtu Mmoja Zaidi

Usiku nikishafunga hesabu za duka, bando likiwepo, huwa naangalia video za bustani za burudani za ughaibuni. Ni mazoea ya miaka mingi. Hapa Mtwara hatuna kitu cha namna hiyo. Sikukuu ya Idi watoto wanavaa nguo mpya, wananunuliwa askrimu na maputo, wanapelekwa ufukweni Shangani, jioni wanarudi nyumbani na mchanga kwenye viatu. Anayetaka kuteleza kwenye mabomba ya maji asafiri mpaka Kunduchi, Dar es Salaam. Kwa hiyo mapenzi yangu ni ya mbali, lakini ni mapenzi kweli, na wiki hii yote nimekuwa najiuliza: kwa nini michezo mingine ya huko watu hawaichoki, hata ikifika umri wa bibi zao?

Maana mingine inaondoka, tena haraka. Februari 2025 kule New Jersey, Marekani, waliiangusha kwa baruti rola kosta, yaani treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi, iliyoitwa Kingda Ka. Ilikuwa na urefu wa mita 139 kwenda juu, hakuna iliyoifikia duniani siku zake, na ilikuwa imefunguliwa 2005. Haikufikisha miaka 20. Nilirudia video ile: mnara unainama, unalala, vumbi linafunika kila kitu. Sasa mwendo wa saa chache kutoka hapo, Coney Island, New York, ipo Cyclone. Imezinduliwa 1927, njia yake ni ya mbao, urefu wake ni kama mita 26 tu, na bado inapandwa. Miaka ya 1970 kulikuwa na mpango wa kuibomoa ili sehemu ya kuoneshea samaki ipanuliwe. Watu wakasimama, wakaitetea, na 1988 jiji likaiweka kwenye orodha ya majengo yake ya kihistoria.

Mita 139 zimekwenda, mita 26 zimebaki. Kwangu hilo linamaliza kabisa hoja ya wale wanaodhani watu wanafuata ukubwa na kasi. Anayekuja kwa sababu ya rekodi ataondoka na rekodi, siku atakapotokea mwenye ndefu zaidi. Cyclone haina rekodi ya kunyang'anywa. Ina tabia. Mabehewa ya rola kosta za mbao hukimbia zaidi siku ya joto kuliko asubuhi ya baridi, kwa sababu grisi imelainika. Kiti cha nyuma kabisa kinavutwa na wenzake wa mbele kwenye kilele, mtu anahisi ananyanyuliwa kitini, ilhali wa mbele anaona shimo kwanza na kushuka taratibu. Mashabiki wanabishana juu ya viti hivyo kama sisi tunavyobishana juu ya Simba na Yanga, na kila mmoja ana kiti chake.

Nyingine ninayoipenda iko Copenhagen, Denmark, kwenye bustani ya Tivoli iliyofunguliwa 1843. Rola kosta yao ya mbao ni ya 1914. Katikati ya treni anakaa mtu ameshika breki. Yeye ndiye anayeamua wapi aiachie ikimbie na wapi aibane, kwa kuangalia uzito wa abiria na hali ya hewa. Ukipanda leo na ukipanda kesho, si safari ile ile.

Lakini kivutio kilichonifundisha zaidi ni Haunted Mansion ya Disneyland, California. Ni jumba la mizuka. Jengo la nje lilikamilika 1963, likasimama tupu kwa miaka sita, watu wanapita mlangoni wanauliza ndani kuna nini. Lilifunguliwa Agosti 1969. Ndani wabunifu wawili hawakuelewana: Claude Coats alitaka watu waogope, Marc Davis alitaka wacheke. Kila mmoja akapata sehemu yake, ndiyo maana mwanzo ni giza na korido zisizoisha, na mwisho mizuka inaimba makaburini. Ubishi wao uliipa nyumba ile sura mbili, na mimi naamini kama angeshinda mmoja tu, isingedumu hivi.

Pale ukumbini ndipo ninaposimamisha video kila mara. Gari dogo unalopanda humo linakupitisha juu, kwenye roshani, chini yako kuna meza ya karamu na sakafu ya dansi. Wanaume na wanawake wa mwanga wanazunguka wakicheza, na unaona viti kupitia miili yao. Hakuna kompyuta hapo. Kuna kioo kikubwa mno kimesimama kati yako na ukumbi, na sanamu zenyewe ziko mahali usipopaona, juu na chini ya njia ya magari. Zikimulikwa, taswira zao zinatua kwenye kioo na kuonekana kama ziko kule kwenye meza. Taa ikizimwa, mzuka umetoweka. Ni ujanja ambao John Henry Pepper aliuonesha London mwaka 1862. Una zaidi ya miaka 150 na bado mtu mzima anashika mkono wa mwenzake.

Halafu kuna mzuka mmoja, mzee aliyevaa kofia ameshika boksi la kofia mkononi. Ilikusudiwa kichwa chake kitoweke mabegani kitokee ndani ya boksi, kisha kirudi. Mwanga wa pale ulikuwa mwingi, kichwa hakikutoweka vizuri, na muda mfupi baada ya ufunguzi 1969 wakamwondoa. Mashabiki hawakumwacha. Walitafuta picha zake, wakamchora, wakasimuliana, hata waliozaliwa miaka mingi baadaye wakawa wanamjua mzee ambaye hawajawahi kumwona. Mwaka 2015 alirudishwa, na safari hii kichwa kinatoweka sawasawa.

Msimulizi wa jumba lile anawaambia wageni kuwa humo wanaishi mizuka 999, na kuna nafasi ya mmoja zaidi. Ndipo nilipopata jibu langu. Kivutio kinachodumu kinamwachia mtu nafasi ya kuingia. Anachagua kiti, anamuuliza mshika breki, anaziba pengo la mzuka aliyeondolewa, anamwonesha mwanawe pa kuangalia. Kilichojaa mpaka pomoni, kisichohitaji chochote kutoka kwa mgeni, kinatazamwa mara moja kinasahaulika.

Hili sisi watu wa kusini tulitakiwa tulijue mapema kuliko wote, maana tuna mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Nilikuwa Newala kwenye sherehe ya wali, vijana waliokuwa wanatoka jandoni. Ngoma zilianza tangu mchana, uwanja umejaa, kisha upande wa mikorosho ukasikika mlio wa njuga. Lipiko, mchezaji aliyevaa kinyago, likatokea. Kichwa cha mti kimechongwa uso wa mzee mwenye chale, kimewekewa nywele za kweli, kimevaliwa mpaka shingoni, mwili wote umefunikwa nguo, halionekani hata kucha. Mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago. Likasimama, likawatazama watu kwa kugeuza kichwa kidogo kidogo, ngoma zikanyamaza. Halafu ngoma ya kwanza ikapiga na lipiko likakimbilia upande wa watoto. Waliopiga kelele! Pembeni yangu alikuwa babu mmoja wa makamo ya kutembelea fimbo, na yeye alikuwa ameruka hatua mbili nyuma.

Baadaye nikamfuata. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamuuliza, haya mapiko mmeyaona tangu mkiwa wadogo, na ninyi wanaume ndio mnajua kila kitu chake, mbona mnakimbia?

"Sasa mimi nisipokimbia," akasema, "hawa wadogo watajuaje kwamba linakimbiwa?"

Nimelifikiria jibu lile kuliko kitu chochote nilichosoma kuhusu bustani za burudani. Sisi wanawake tangu zamani hatukutakiwa kumjua aliye ndani ya kinyago. Kila mtu anajua kuna mtu, na hakuna anayesema. Anayepiga ana kazi, anayeimba ana kazi, anayekimbia ana kazi kubwa zaidi. Mtazamaji hayupo kabisa uwanjani. Ukienda tamasha la MaKuYa, la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, hapa Mtwara utaona hata vijana waliokulia mjini, wasiojua Kimakonde, wanarudi nyuma lipiko likiwaelekea. Wamefundishwa na miguu ya wakubwa wao. Na ndicho ninachokiona kwenye zile video za California: baba aliyelipanda jumba lile utotoni anashtuka pale pale alipoambiwa ashtuke, ili mwanawe aliyempakata ashtuke.

Wenye bustani wakisahau hilo, wanakumbushwa. Florida, ndani ya EPCOT, bustani nyingine ya Disney, kulikuwa na joka dogo la zambarau, Figment, lililowatembeza watoto kwenye dunia ya kuwaza tangu 1983. Mwaka 1999 safari ile ilibadilishwa na Figment karibu aondolewe kabisa. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kufikia 2002 amerudi.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 30 moja ya michezo iliyopendwa sana Disneyland ilikuwa Splash Mountain, iliyofunguliwa 1989. Unakaa kwenye gogo, unaelea ndani ya mlima, unapita wanyama wanaoimba, mwisho unadondoshwa kama mita 16 ndani ya maji. Mhusika wake mkuu ni sungura. Na sungura yule ni wetu. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika walivuka bahari na hadithi zake vichwani, wakazisimulia kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani, na miaka ya 1880 mwandishi wa Georgia, Joel Chandler Harris, akazichapa. Mwaka 1946 Disney wakazifanya filamu, filamu iliyowaonesha watu weusi kama walioridhika na maisha ya mashamba ya mabwana. Mlima ule ulitoka kwenye filamu hiyo.

Bibi yangu alitusimulia sungura aliyekataa kuchimba kisima na wenzake, kisha akawa anaiba maji usiku, mpaka kobe alipopakwa ulimbo akajilaza majini, sungura akamkanyaga akanasa. Mguu mmoja, wa pili, mkono. Amerika ulimbo ukawa lami. Kwenye mlima wa Disney lami nayo ikaondolewa, ikawekwa asali. Sungura ni yule yule. Na akishakamatwa, kwa bibi na kwa Wamarekani, anafanya ujanja ule ule: anawaelekeza maadui wamuue vipi, au anawasihi wasimtupe miibani, na njia hiyo hiyo ndiyo anayoponyokea. Kule kudondoka mita 16 ndiko kutupwa miibani. Abiria wote wa gogo wanageuka sungura. Hebu fikiria, mamilioni ya watu wameicheza hadithi ya bibi zetu kwa miili yao bila kujua ilikotoka.

Mwaka 2023 Splash Mountain ilifungwa Florida na California, na 2024 njia zile zile za maji zikafunguliwa upya kwa hadithi ya Tiana, msichana mweusi wa New Orleans katika filamu ya Disney. Ile ya Tokyo haikuguswa. Mashabiki wengi waliumia, na mimi siwalaumu. Mtu aliyepanda gogo lile na marehemu baba yake ana haki ya kulia. Lakini naona ilikuwa sawa kufunga. Filamu ile ilikuwa imemvalisha sungura nguo za watu waliowadharau wenye hadithi. Kinachonisononesha ni kwamba katika kelele zote zile, za kutetea na za kupinga, mara nyingi sungura alizungumzwa kama aliyezaliwa 1946. Pengo hilo wa kulijaza ni sisi.

Kila mara nasikia watu wakizungumza kuleta utalii kusini, na mara nyingi picha wanayokuwa nayo ni vitu virefu, vyenye taa, vya kuagizwa. Mimi ningeanza na jahazi moja Mikindani. Liondoke jua likielekea kuzama, lipite mbele ya boma la Wajerumani la 1895, ndani awemo msimulizi aliye mtu, si spika, mwenye jioni zake nzuri na zake za uchovu. Asimulie kisima na ulimbo. Akifika pale sungura amenasa miguu yote, anyamaze, awageukie watoto awaulize wamuue vipi. Majibu yao ndiyo yawe mwisho wa hadithi jioni hiyo, na kesho yake uwe mwingine. Na nauli iwe ile ambayo mtoto wa Chikongola anaweza kurudi nayo wiki ijayo akiwa na mdogo wake, aliyekwisha kumwambia njia nzima kwamba hapo ndipo atakapoulizwa.