Sekunde 12 zilizonigharimu dakika

Jana nilikuwa navigeta (anayekaa kando ya dereva na kumwongoza) kwenye rali ya magari kwa mara ya tatu tu, huku Machakos, na nikatuponza kabla hata hatujaanza kukimbia. Kadi yetu ya muda ilisema tujisajili kituo cha muda, pale wanapoandika saa ya kila gari kufika, saa 4:47. (Yenyewe imeandikwa 10:47, saa za rali hazijui Kiswahili.)

Utaratibu ni huu: gari linaruhusiwa kupita ubao wa njano, mwanzo wa eneo la kituo, dakika moja kabla, lakini kadi haitoki mkononi mwako mpaka dakika yako iingie. Mimi nikaona mezani hakuna foleni, nikashuka mbio, nikamkabidhi kadi dada anayeandika saa. Akatazama saa yake, akanitazama mimi, akaandika 10:46. Zilikuwa zimebaki sekunde 12.

Ukichelewa dakika moja unaongezewa sekunde 10. Ukiwahi dakika moja, unaongezewa dakika nzima! Na nyumbani tulilelewa tukiambiwa anayewahi ndiye mwerevu.

Dereva hakusema kitu, na hilo ndilo liliniuma. Tukasogea kwenye mstari, vumbi la waliotangulia bado linaning'inia juu ya migunga. Ndiyo maana magari yaliachanishwa dakika mbili badala ya moja. Zikaanza kuhesabiwa sekunde za kuondoka. Thelathini. Kumi na tano. Kumi. Halafu tano, nne, tatu... Mguu wa dereva unatetemeka kwenye klachi, mimi moyoni naomba asichomoke mapema, maana hiyo ni sekunde 10 nyingine.

Hakuchomoka. Tulipomaliza akavua helmeti, akanifungia saa yake mkononi. "Hii iko sawa," akasema. Bado ninayo.