Nchi ya 98

"Baba, mbona simu inaiona Wi-Fi yetu, kompyuta haiioni?"

Umeme ndio kwanza ulikuwa umerudi. Sikuinuka hata kitini. Nikauliza tu nani alichokonoa kile kitundu cha nyuma ya ruta, cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kimya.

Mara ya kwanza ilinikesha. Kompyuta ni hiihii, ya mtumba kutoka Marekani, nimeiwekea Linux, wiki tatu inadunda bila neno. Umeme ukakatika, ukarudi, mtandao wetu ukatoweka kwenye orodha. `rfkill list` ikasema hakuna kilichofungwa. `dmesg`, kumbukumbu za mfumo, haikulalamika lolote kuhusu kadi ya Wi-Fi. Nikafuta nywila nikaiandika upya, upuuzi mtupu, maana nywila ina kazi gani kwa mtandao usioonekana? `sudo iw dev wlp3s0 scan` ikaleta mitandao saba, hadi wa duka la ng'ambo ya barabara. Wetu, ulio hatua tatu kutoka nilipoketi, haumo.

Saa nane usiku nikachomeka kebo, nikaingia 192.168.1.1, ukurasa wa mipangilio ya ruta. Chaneli, yaani mkondo wa mawimbi ambao ruta inarushia: Auto, ijichagulie yenyewe. Inayotumika: 13. Nikarudi kwenye kompyuta, nikaandika `iw list`, nikaanza kushuka na kidole juu ya kioo. Chaneli 1 hadi 11, kila moja na nguvu yake kwa dBm. Halafu:

`* 2467 MHz [12] (disabled)`
`* 2472 MHz [13] (disabled)`

Zimefungwa. Kidole kikaganda hapo. Mbu wakala walivyotaka.

Kadi ilikuwa imeandikiwa nchi kiwandani: US. Huko Wi-Fi za kawaida huishia 11. Kwetu 13 ni halali, na ruta ikiachiwa Auto, kila ikiwaka inaweza kuchagua nyingine. Nikajaribu ujanja, kuiambia tuko Tanzania: `sudo iw reg set TZ`. Kernel, kiini cha Linux, haifuti masharti ya kadi. Huchukua yale tu ambayo nchi zote mbili zinaruhusu. `iw reg get` ikajibu `country 98`, nchi isiyo na bendera, alama ya mchanganyiko huo. 13 bado imefungwa.

Nikaihamishia ruta kwenye 6, mtandao ukajitokeza papo hapo, ila ukakokota: majirani watano wako humohumo. Nikaishia 11.

Jana nikairudisha 11 tena.

"Kwa hiyo kompyuta inadhani iko Marekani?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Nikamwambia akalale.