Siku Moja na Hesabu za Moshi wa Ofisi

Saa mbili asubuhi. Nafungua kompyuta, Nairobi. Kazi yangu ni kuhesabu gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, zinazotolewa na mamlaka moja ya udhibiti ya serikali. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka taasisi za umma ziwe na kitengo cha tabianchi chini ya afisa mwandamizi. Kwetu, kitengo ni meza yangu.

Naanza na bili za umeme. Kila swichi humu imebandikwa karatasi ya "Zima taa, okoa mazingira". Sikatai, shilingi zinaokolewa. Lakini karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na vyanzo jadidifu: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Marsabit. Bili nene, moshi haba.

Saa tatu unusu. Uwanja wa magari, kwa Mzee, dereva wetu.

"Umekuja kutupima moshi tena, madam?"

"Moshi ni wako, Mzee. Mimi karani tu."

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Wahasibu hawaniamini, maana lita yenyewe haifiki hata kilo moja. Ni kwamba kaboni hujishikiza na oksijeni ya hewani. Mombasa ni kama kilomita 480. Pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita, ikienda na kurudi, imetoa karibu kilo 260. Karatasi moja ya safari ina lita bila kilomita, nyingine ina kilomita bila lita. Mzee anazo zote kichwani. Naandika pembeni "kwa maelezo ya dereva", kwa sababu mkaguzi atauliza.

Saa tano. Kwenye paa, kwa fundi wa viyoyozi. Hapa ndipo wakubwa hawafiki.

"Umeongeza gesi kiasi gani?"

"Kiasi cha kawaida tu, dada."

"Kawaida ni kilo ngapi?"

Anacheka. Hana mizani, hujaza kwa kusoma geji. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari, ikipungua, imevuja. Mtungi wake umeandikwa R-410A. Kilo moja ya hiyo hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ukaa katika miaka 100, yaani safari nane hivi za Mombasa, kwenda na kurudi. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kuzipunguza gesi za jamii hii. Juu ya paa letu zinaongezwa kila zinapopungua, na hakuna aliyeulizwa zilikokwenda.

Saa saba, chapati na maharagwe, haraka.

Saa nane. Kikao cha ahadi. Rasimu inasema ofisi itapunguza gesijoto zake kwa asilimia 32 ifikapo 2030. Nauliza: kutoka mwaka gani? Kimya. Namba imenakiliwa kutoka ahadi ya taifa ya 2020, ambayo hupimwa dhidi ya makadirio ya 2030 iwapo hatua hazingechukuliwa. Nchi inayokua ina sababu ya kuhesabu hivyo. Ofisi yenye risiti za mafuta haina.

Mmoja anapendekeza tupande miti. Naam, picha zitapendeza. Mwingine anataka safari za Mombasa ziwe za treni. Treni nayo inakunywa dizeli, ila inagawanywa kwa mamia ya abiria. Hilo naliunga mkono. Nachomekea jambo langu: masharti tunayowawekea wenye leseni yana uzito kuliko magari yetu yote, na rasimu haiyataji hata kwa sentensi moja. Mwenyekiti anasema tutalijadili kikao kijacho. Angalau mwaka wa msingi, wa kulinganishia, umekubaliwa: mwaka wa fedha uliopita.

Saa kumi na moja. Naandika ombi la mizani ya fundi. Ununuzi wanajibu papo hapo: iingie kasma gani, mazingira au ukarabati?

Ukarabati, nawajibu. Huko ndiko kwenye pesa.