Turubai la mashua halishonwi kwa namba mbili

Kila niliyemuuliza turubai la kufunika mashua hushonwaje alinipa jibu lile lile: pima urefu, pima upana, mpelekee fundi, basi. Nikafuata. Mashua yangu ya tanga ina urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 1.7. Turubai likaja limeshonwa vizuri, mishono imenyooka, na halikunifaa kitu. Omoni, yaani mbele, lilikaza mpaka vijicho vya kamba vikaanza kung'oka. Tezini, kule nyuma, likapwaya kama kanzu ya kuazima. Mashua ina tumbo, ina kiuno, tena ina mlingoti. Namba mbili zitaeleza nini?

Mvua ya kwanza ikaonyesha ubaya zaidi. Katikati palibonyea, maji yakatuama. Dimbwi la mita 1 kwa mita 1, kina cha sentimita 5 tu, ni lita 50, yaani kilo 50 zimekalia kitambaa. Asubuhi nilikuta mshono wa kati umefumuka na mbao za kukalia zimelowa chepechepe. Mbao zile nilizipaka vanishi wiki ile ile. Iliniuma sana.

Mara ya pili sikupeleka vipimo, nilipeleka umbo. Nilinyanyua ule mti wa chini wa tanga nikaufunga juu, ukawa kama mgongo wa paa ili maji yateremke pande zote mbili. Juu yake nikatandaza nailoni nyepesi inayoonyesha ng'ambo, nikaivuta na kuishika kwa selotepu. Kila ilipojikunja, nilibana mkunjo kwa kibanio cha nguo na kuuchora pale pale kwa kalamu ya wino mzito: hapa mlingoti, hapa waya, hapa pana chuma kinachochoma. Ile mikunjo ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayomwambia fundi apunguze wapi. Upepo ulinipokonya nailoni mara mbili, kwa hiyo anza alfajiri bahari ikiwa shwari.

Fundi alipoitandaza mezani hakuuliza swali. Tulibishana uzi tu. Yeye alitaka wa pamba, mimi nikashikilia poliesta, maana pamba huoza kwa unyevu. Vipande tulivipandanisha kama vigae, cha juu kikifunika cha chini. Panaposugua tuliongeza tabaka la ngozi. Zipu iwe ya plastiki. Ya chuma chumvi huila. Na usikubali lizibwe kote: mimi niliacha matundu ya hewa omoni na tezini, yamefunikwa kwa vikofia vya kitambaa, kwani mashua isiyopumua huota ukungu hata kama haijaingia tone.

Juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipopambazuka niliingiza mkono chini ya turubai, nikapapasa ubao wa kukalia kutoka mwanzo hadi mwisho. Vidole vilitoka na vumbi.