Kumbe ni "Benwa"

Baba mkwe wangu ni mzaliwa wa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Maisha yake yote jina la ukoo, Benoit, limetamkwa "Benoiti", t ikisikika wazi. Mimi mtoto wa Bukavu, niliyesoma kwa Kifaransa, siku ya kwanza nilimwita Papa Benwa. Alinyamaza, kisha akasema: "Hivyo ndivyo babu yangu alivyojitaja."

Tukaanza kutafuta asili ya ukoo wake. Babu huyo alitoka Quebec, Kanada, kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, mmoja wa Wakanada wapatao 900,000 wenye asili ya Kifaransa waliohamia Marekani kati ya 1840 na 1930. Sensa za Marekani zilituchosha, maana karani aliandika alichosikia. Raha ilikuwa kwenye vitabu vya ubatizo vya Quebec! Padri anaandika baba na mama, tena mama kwa ukoo wa kwao. Tulivyorudi nyuma jina likawa Benoist, na s yake nayo haitamkwi. Ndiyo iliyoacha kile kikofia juu ya i kwenye Benoît. Familia nyingine ziliongeza jina la pili kwa neno "dit", yaani "aitwaye", kama Benoit dit Livernois, halafu watoto wengine wakabaki na Livernois tu. Usipolijua hilo unapoteza ndugu.

Jana usiku baba mkwe amempigia simu dada yake mkubwa. Nikamsikia anasema polepole, "Ni mimi, Benwa." Machozi yalinitoka.