Siku yangu moja Pirates: tyubu, bamvua na watoto wa watu

Watu huniuliza hii kazi ya kukodisha tyubu, yale maringi ya mpira ya kuelea nayo baharini, ina uzito gani, si unakaa tu kwa mchanga unapokea hela. Basi nimeamua kuwaandikia siku nzima vile ilivyokuwa, Jumapili ya Desemba, hapa Pirates, yaani Jomo Kenyatta Public Beach, Mombasa, wageni wameshuka na mabasi kutoka bara na sisi tuliozaliwa huku ndo tunaojua maji yanafanya nini saa ngapi.

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla hata ya chai naangalia maji. Jedwali liko kwa simu lakini mwezi uliandama juzi kwa hivyo ni bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, na bamvua Mombasa maji hujaa alfajiri mwendo wa saa kumi, yakapwa saa nne na nusu hivi, halafu yakajaa tena alasiri saa kumi na nusu. Tofauti ya chini na juu inapita mita 3. Wiki ijayo yakiwa maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, mambo ni mengine kabisa. Natamani kila mgeni aijue hii kabla hajavua viatu, na wengi hawaijui, mtu ametoka Nakuru ama Kampala amekesha kwa basi, kwake bahari ni bahari.

Saa kumi na mbili na nusu tyubu zishajazwa upepo, nimepata mahamri na mbaazi, na wateja wa kwanza ndo hao na mabegi yao mgongoni. Wanataka tyubu saa hiyo hiyo. Siwapi. Asubuhi hiyo maji yanatoka, na juu yake kuna umande, ule upepo wa kutoka nchi kavu, unasukuma kwenda nje. Tyubu ni nyepesi, inakamata upepo, na mtu aliyelala juu yake ameangalia mbingu hajui anasogea mpaka ageuke aone miavuli imekuwa midogo. Akishtuka akaruka aogelee ndo basi tena, bora hata angebaki juu ya tyubu akapunga mkono. Kuna kijana alikasirika akaenda kwa mwenzangu, naye akamnyima, akarudi akaniambia dada nyinyi mmepatana. Nikamwambia ndiyo kaka, tumepatana, kwa kikundi chetu hiyo ni sheria, asubuhi ya bamvua tyubu haitoki mpaka maji yageuke, na hasara tunakula sote.

Saa mbili ni usafi. Wenye tyubu, wauza mabuyu na viazi karai, wenye ngamia, vijana wa kupiga picha, kila mtu anafagia mbele ya kibanda chake na hatua kadhaa zaidi. Plastiki, vifuniko vya chupa, mishipi ya wavuvi, na chupa zilizovunjika ambazo ndo naziogopa kuliko zote kwa sababu mguu wa mtoto hauna kiatu. Majani ya baharini tunayaacha, wageni huyaita uchafu lakini hayo ndo yanashika mchanga usiondoke. Jumapili hiyo walikuja wasichana wawili wa chuo wakauliza kama wanaweza kusaidia, wakapewa gunia, wakafika mpaka mwisho wa ukuta. Hakuna fomu ya kujaza, ukija saa mbili utapata gunia.

Saa nne na nusu bahari imeenda mbali kabisa. Mchanga mtupu, vidimbwi, na kule mbele fungu la mchanga limetoka, jeupe, linaita. Hapo watu wote wanaanza kutembea kwenda huko, na sisemi wasiende, ni pazuri, mimi mwenyewe nimekua hapo. Ila vaeni viatu. Kuna wale wadudu wa baharini wa miiba mirefu myeusi wamejibanza kwenye mawe, ukikanyaga miiba inakatikia ndani, na watu wetu hupaka utomvu wa papai bichi, mimi nawawekea maji ya moto kiasi mguu unachovumilia, natoa ile inayoonekana na kibanio, yenye imezama sana ama imeingia kwenye kiungo naambia mtu nenda hospitali usichimbe na sindano. Na kile kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, unachokitoa majini upige nacho selfi kiko hai, kirudishe. Hapa mbele ni hifadhi ya bahari ya Mombasa tangu 1986, haijawekwa kwa ajili ya picha.

Sasa saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu. Hapa ndo kazi yenyewe na hapa ndo nataka mnisikize.

Maji yakigeuka hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza yanakuja polepole mpaka unadhani bado, ya pili yanaongeza, halafu saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, karibu nusu ya maji yote yanaingia kwa hayo masaa mawili. Kwa bamvua hiyo ni zaidi ya mita na nusu, inamfunika mtoto wa darasa la nne. Na hayaanzi kujaa kule fungu, yanaanza kwenye bonde lililo kati ya fungu na ufuo, nyuma ya mgongo wako. Wewe umesimama pakavu unacheza mpira, njia yako ya kurudi ishakuwa maji.

Saa nane kasoro kulikuwa na familia moja kule, baba amebeba binti mdogo mabegani, vijana wawili, na shangazi mtu. Laifugadi alipuliza filimbi, upepo ukaibeba. Akapunga bendera, wao wakampungia mkono wakidhani anawasalimia. Nikatoa tyubu mbili kubwa na kamba, vijana wangu wakaenda naye. Wakawakuta katikati ya bonde, baba maji kifuani, anatembea kwa vidole. Shangazi alikuwa amevaa dera, na dera likilowa linazunguka miguu, hawezi hata kupiga hatua, akaanza kumng'ang'ania yule kijana mkubwa shingoni. Yule laifugadi hakumpa mkono. Alisimama mbali kidogo akamsukumia tyubu mpaka ikamgusa kifua, akamwambia mama kumbatia hii, akaikumbatia, ndo akamwachia kijana wa watu akapumua. Wakavutwa kwa kamba. Baba alipofika mchangani kitu alichosema ni "lakini dada, tulipita hapa maji kwa magoti." Na ni kweli, walipita maji kwa magoti.

Ile ya kutompa mkono muishike. Mtu anayezama ana nguvu za ajabu na atapanda juu ya chochote kilicho karibu, hata kama ni mwanawe. Ndo maana mara nyingi anayeruka kuokoa anakufa pamoja na aliyekuwa anamwokoa. Kwenye kibanda changu kuna mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, mtupu, nimeacha maji kidogo ndani ili upate uzito wa kurushwa, na kamba ndefu imefungwa kwa mkono wake. Huhitaji kujua kuogelea kuutumia. Unarusha umpite mtu kidogo, unauvuta umfikie, unasimama pakavu.

Baadaye kivulini mzee mmoja alikuwa anaeleza vile zamani mtu akitolewa majini anainuliwa miguu juu, anaminywa tumbo maji yatoke. Shikamoo yake nilimpa, lakini nilimwambia babu hapana, tulivyofundishwa kwenye huduma ya kwanza, kilichokosekana ni pumzi. Ukiminya tumbo anatapika na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Kama hapumui, mlaze chali, kichwa nyuma, ziba pua, mpulizie pumzi kwanza, halafu kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, unaendelea hivyo hivyo, na mwingine anapiga 999 au 112. Mzee akauliza, na kama akiamka? Hata akiamka anapelekwa hospitali, maji kwenye mapafu yanaweza kumrudia baada ya masaa.

Saa kumi na nusu maji yamejaa mpaka karibu na ukuta, bichi imekuwa nyembamba na watu ni wale wale. Tyubu zangu zote ziko nje na kila mtoto anayechukua namwandikia namba ya simu ya mzazi mkononi kwa makapeni. Kina mama nawaambia vueni dera, vaeni taiti na tisheti, hakuna atakayewaangalia, na kama stara ndo shida burkini zinakodishwa hapo nyuma. Boti na jeti skii upande ule, waogeleaji kati ya bendera za nyekundu na njano.

Na saa hiyo hiyo, nikiwa nahesabu chenji, nikaona mtoto, miaka minne hivi, hatua tatu kutoka kwa wazazi. Hakuwa analia. Kichwa kimerudi nyuma, mdomo uko sawa na maji, mikono inakandamiza maji kama mtu anayepanda ngazi. Nilienda nikamwinua tu. Mama yake alikuwa anarekodi video, akaniuliza, kwani ana nini? Mtu anayezama hapigi kelele, hana pumzi ya kupigia kelele, hapungi mkono maana mikono yote inafanya kazi ya kumweka juu. Ripoti ya WHO ya 2024 inasema watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo walikuwa chini ya miaka mitano. Umri wa yule. Kwa mtoto mdogo kama huyo, kama huwezi kumgusa kwa kunyoosha mkono basi uko mbali, hata maji yakiwa ya magoti.

Saa kumi na mbili tunatoa watu majini, kwa filimbi na kwa miguu, kibanda kwa kibanda, kwa sababu jua likizama hakuna anayeweza kuona kichwa kwenye maji. Wengine walikuwa wamelewa, hao tunawatoa kwa upole na kwa marafiki zao. Tyubu zote zikarudi, watoto wote walio na namba mikononi wakaenda na wenyewe.

Saa moja usiku nikatuma ujumbe kwa grupu yetu, kesho kupwa saa tano na robo, maji yatakimbia kuanzia saa saba na robo, fungu liwe tupu ikifika saa saba kasorobo. Tunahitaji kamba, za nailoni, na mitungi ya lita 5 yenye kifuniko. Ukishuka Mombasa likizo hii na una mmoja mtupu jikoni kwa shemeji yako, tuletee, uliza wenye tyubu, mtu yeyote atakuonyesha.